Nchi Inayosoma kwa Kuchuchumaa

Sifaeli Nanyaro alifikaje Ubaoni, sitasimulia. Njia ya kwenda huko wengi wetu tunaijua, na tumeipita mara nyingi bila kuangalia tulipokanyaga. Ninachotaka kusimulia ni alichokikuta, kwa sababu nimechoka kuwasikia watu waliokaa Ubaoni nusu saa wakirudi kuisema vibaya nchi nzima.

Kwao, kwenye miteremko ya Mlima Meru, Sifaeli alikuwa fundi wa maabara ya maji. Kwa miaka sita alipima maji ya visima na kuandika daftarini kwamba madini ya floridi yamezidi. Daftari likijaa lilipelekwa kabatini, naye akaletewa jipya. Watoto wanaoyanywa maji yale huota meno ya kahawia, na yakishaota hivyo hayarudi kuwa meupe. Mdogo wake, Anande, alikuwa hacheki bila kufunika mdomo kwa kiganja, hata akiwa peke yake na dada yake jikoni. Sifaeli alitaka kusoma shahada ya uzamili ili ajifunze kuyasafisha maji yale, maana kuyapima alikuwa ameshayapima vya kutosha.

Mkubwa wake kazini, Mhandisi Kaaya, alikuwa amepewa nafasi moja tu ya ruhusa ya masomo kwa idara nzima. "Niletee barua ya mwalimu aliyekubali kukusimamia," alimwambia. "Una siku tisa, dada yangu. Ya kumi nampa mwenzako Ombeni, naye anataka kusomea utawala." Ombeni hakuwa mtu mbaya, lakini utawala hausafishi maji.

Basi Sifaeli akaenda Ubaoni, nchi ambayo kila kinachojulikana kimeandikwa kwenye mbao na kusimamishwa nje. Sheria yao ya kwanza, wanayofundishwa watoto kabla ya kuhesabu, inasema elimu isilale ndani. Mtu akigundua namna ya kuondoa utitiri kwenye banda la kuku, ana siku saba za kusimamisha ubao mbele ya nyumba yake. Profesa akimaliza utafiti wa miaka kumi, naye ana siku saba hizo hizo. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa ukoo gani wala nani kakutuma. Sifaeli alisimama njiani siku ya kwanza machozi yakimlenga, kwa sababu kwao alishawahi kusubiri wiki tatu kuazima kitabu kimoja, kisa mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amekwenda msibani.

Lakini nimeruka mpaka, na mpakani ndipo alipokosea.

Afisa wa mpaka aliitwa Bi Dodosa, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutaka kuona hati ya kusafiria. Ubaoni mgeni huingia kwa swali.

"Shikamoo, mama," alisema Sifaeli.

"Marahaba. Swali lako?"

"Natafuta shule nzuri ya uzamili."

Bi Dodosa aliliandika, akaligongea muhuri, akaelekeza kidole upande wa kushoto. "Hilo ni la mlango mkubwa," alisema kwa upole. "Ukipata dogo zaidi, mwanangu, rudi. Kuna mlango mdogo huku kwangu."

Sifaeli aliona ajabu mtu kuombwa swali dogo, akashukuru, akapita kushoto.

Mlango mkubwa unaingilia Mtaa wa Wapiga Mbiu. Hawa ni watu wanaoilipa serikali ili wasimame karibu na mlango kuliko wengine. Sheria inawataka wavae alama ya njano ili mgeni awajue, nao huitii bila kukosa, isipokuwa alama yenyewe wanaishona ndogo kuliko ukucha. Sifaeli alikaribishwa na shule kumi na nne kabla hajamaliza hatua ishirini. Moja ilimpa shahada palepale, ikabaki kuandikwa jina. Akajitahidi kuangalia mbele tu, lakini bahati mbaya alivitupia jicho viatu vya bluu kwenye meza fulani, na kuanzia hapo muuza viatu akamfuata siku zote alizokaa nchini, akimtokea nyuma ya kila ubao na kumwonyesha vilevile viatu vya bluu. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na imani tu kwamba mtu akiangalia kitu mara moja, basi anakipenda.

Akafika kwenye Ofisi ya Madaraja, ambako Bwana Mizani, mkurugenzi, huzipanga shule zote za ulimwengu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Anafanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, na sisemi hivyo kwa kejeli. Kila mwaka yeye na vijana wake huzunguka na kamba, wakipima urefu wa mageti.

"Urefu wa geti unaonyesha nini?" aliuliza Sifaeli.

"Urefu wa geti," alisema Bwana Mizani.

"Na mafundisho?"

"Hayo tulijaribu kuyapima mwaka mmoja, kamba haikushika." Kisha akainamisha kichwa kidogo. "Mama, namba zangu ni za kweli. Watu ndio wanaziuliza mambo ambayo hazikuwahi kuyasikia."

Nawaheshimu sana watumishi wa aina hii. Lakini Sifaeli alikuwa na haraka, hakutaka kulitafakari jibu lile. Alitazama juu ya orodha, akaona jina la Shule Kuu ya Mnara, akaenda moja kwa moja kuusoma ubao wake.

Ulikuwa ubao mrefu kama mlingoti wa bendera, herufi zake zinaonekana toka mbali. Ulisema kwamba shule ina idara ya maji, kwamba mwalimu wake ni bingwa, na kwamba waombaji wote wanakaribishwa kwa moyo mkunjufu. Sifaeli aliusoma akiwa amesimama, shingo nyuma. Aliandika barua ya kurasa tano, akaipeleka, akaketi kusubiri.

Alisubiri siku tatu kwenye mabenchi ya barabarani. Mabenchi hayo serikali imeyajenga kwa ajili ya Wabeba Vikapu, raia wanaonakili kila ubao wanaopita na kuutia kikapuni ili wausome baadaye. Mmoja aliyeketi karibu naye alikuwa na vikapu vitatu, na mgongo wake ulikuwa umeshapinda.

"Una miaka mingapi ukikusanya?" Sifaeli alimuuliza.

"Minane. Nataka kuomba shule, lakini nataka kwanza nijue kila kitu."

"Umeshasoma kiasi gani?"

Mtu yule alitazama vikapu vyake kwa upendo. "Nimeshavipanga kwa rangi," alisema.

Sifaeli alicheka kimoyomoyo, kisha akakitazama kikapu chake mwenyewe, alichokinunua juzi, kikiwa kimejaa hadi mdomoni. Hakucheka tena.

Siku ya tano asubuhi, jibu likiwa halijaja, alirudi kwenye ubao wa Mnara. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho macho yake yalikuwa yakikipita tangu afike. Wenyeji hawakuwa wakisoma mbao kwa kusimama. Kila mmoja akifika mbele ya ubao alikunja suruali au kukusanya kanga yake, akachuchumaa, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Wengi hawakufika juu kabisa. Wazee kwa vijana, mawaziri kwa wachoma mihogo, wote wana magoti imara, na mgeni hujulikana Ubaoni kwa jinsi anavyolalamika akiinama.

Mwanamume mmoja mwembamba alikuwa amechuchumaa hapo, akitafuna karanga. Jina lake Bwana Tegemeo. Alisogea kidogo kumpa nafasi.

"Karibu chini, dada," alisema. "Huko juu wameandika wenye ubao. Huku chini wameandika waliopita."

Sifaeli alichuchumaa. Chini ya ubao, kwa herufi ndogo za mikono mbalimbali, kulikuwa na mistari wanayoiita nyayo. Sheria ya pili ya nchi ile inasema kwamba yeyote aliyeufuata ubao lazima arudi kuandika kilichompata. Wayo wa kwanza ulikuwa tarehe tu, na tarehe yenyewe ilikuwa ya miaka saba nyuma. Wa pili: "Mwalimu wa maji amestaafu. Ni bingwa kweli, sasa anafuga nyuki." Wa tatu: "Idara ilifungwa. Nilisubiri jibu miezi minne. Usisubiri."

Sifaeli alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Siku tano zilikuwa zimekwenda na maji. Akilini alimwona Ombeni akipokea barua ya ruhusa na kupeana mkono na Mhandisi Kaaya, akasikia hasira ikimpanda.

"Kwa nini ubao uliokufa unaachwa umesimama?"

"Twende ukawaulize wenyewe," alisema Bwana Tegemeo. "Bunge linalijadili jambo hilo leo. Hulijadili kila mwaka."

Walifika mjadala umepamba moto. Mbunge mmoja, kijana aliyevaa vizuri, alikuwa akidai mbao zote zilizopitwa na wakati zing'olewe, akihesabu kwa vidole wageni waliopotea. Sifaeli alimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Ndipo akasimama mbunge mwingine, mwanamke mkongwe mwenye kikohozi.

"Mheshimiwa amesema kweli tupu," alisema. "Wageni wanapotea. Lakini ukiung'oa ubao wa Mnara umeng'oa na yule aliyesubiri miezi minne. Alirudi, bwana. Alikuwa ameumizwa, na bado alitembea mpaka pale, akachuchumaa, ili mwingine asisubiri. Mimi siwezi kuugeuza kuni ubao alioandika mtu wa namna hiyo. Tuwafundishe wageni kuinama."

Bunge lilipiga kura, kama kila mwaka, mbao zibaki. Sifaeli alikuwa ameingia mle akitaka kumshitaki mtu. Alitoka hana wa kumshitaki, ila magoti yake. Nami nakiri kwamba hapa ndipo nilipoanza kuipenda nchi ile, maana sijui nyingine ambamo watu wasiojuana, wasiolipana, na ambao hawatakutana kamwe, hujisumbua kiasi hicho kuwekana sawa.

Siku ya sita alirudi mpakani. Bi Dodosa alikuwa akinywa uji.

"Umepata dogo?"

"Nimepata, mama. Nani anajua kuondoa floridi kwenye maji ya kisima, kwa kitu kinachopatikana kijijini?"

Bi Dodosa aliweka kikombe chini. Alifuta miwani yake, akaliandika swali lile polepole kama mtu anayenakili jina la mtoto aliyezaliwa, akaligongea muhuri. "Hilo ndilo swali," alisema, akafungua mlango mdogo.

Huko ndani hapakuwa na mbiu wala mageti. Kulikuwa na mbao fupi fupi, na katika kila moja jina la mwalimu na shimo analolichimba, yaani jambo moja analolitafiti. Muuza viatu alijaribu kuingia akashindwa kupenya. Mpaka jioni Sifaeli alikuwa ameshasoma thelathini na moja, magoti yanawaka moto, na ubao wa thelathini na mbili ulikuwa wa Mwalimu Kwezi, wa shule ndogo iitwayo Ukingoni, ambayo kwenye orodha ya Bwana Mizani ilikuwa ya tatu kutoka mwisho kwa sababu haina geti. Ubao ulisema: "Nachoma mifupa ya ng'ombe. Ikichomwa vizuri na kusagwa, huchuja floridi. Sijamaliza."

Chini nyayo zilikuwa nyingi mpaka zimegusa ardhi. "Hasomi barua ndefu." "Posho ya wanafunzi huchelewa. Njoo na unga wako." "Mkali. Akikukubali hakuachi." "Alinikataa, akanieleza kwa nini. Nilimshukuru baada ya mwaka." Sifaeli alizisoma zote mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu afike alijua anazungumza na nani.

Alitaka kuandika na kupeleka hapohapo, lakini Bwana Tegemeo, aliyekuwa amemfuata, alimzuia. "Barua ipelekwe kwanza barazani kwetu."

Baraza la Waliokataliwa ndicho chombo chenye heshima kubwa kuliko vyote Ubaoni. Huingii humo kwa cheo wala kwa ukoo. Unaingia kwa kuonyesha barua uliyojibiwa hapana, na kiti chako husogezwa mbele kila upatapo nyingine. Bwana Tegemeo, mwenye kumi na moja, alikuwa ndiye mwenyekiti. Kwingine watu wa aina yao hujificha. Hawa huketi uwanjani mchana kweupe, barua zao zimetundikwa nyuma yao, wakizisahihisha barua za wengine bure.

Siku ya saba asubuhi Sifaeli aliwasomea yake. Alianza, "Tangu utotoni mwangu nimekuwa na shauku kubwa," na baraza zima likaguna kwa pamoja. Mwenye barua inayoanza hivyo hupewa ndoo akawachotee wajumbe maji ya kunywa. Alichota, akarudi, akaendelea. Walimkatia ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Waliziondoa sifa zote alizompa Mwalimu Kwezi, kwa kuwa mwalimu anajijua. Zilipobaki sentensi nne, mama mmoja wa barua sita akamuuliza swali ambalo hakulitegemea.

"Mwanangu, kwa nini unafunika mdomo ukiongea?"

Sifaeli alishusha mkono. Hakuwa akijua kwamba naye hufanya hivyo. Miaka yote alikuwa akimtazama Anande, akimhurumia Anande, akimsemea Anande. Watu wale, ambao huwezi kuwadanganya kuhusu aibu, hawakumharakisha.

"Nimekunywa maji yaleyale," alisema hatimaye.

"Basi andika hivyo," alisema yule mama. "Na una nini ambacho yeye hana?"

"Sina kitu. Mimi ni fundi tu. Napima, naandika daftarini, madaftari yanawekwa kabatini."

Bwana Tegemeo aliacha kutafuna karanga. "Madaftari ya muda gani?"

"Miaka sita. Visima arobaini, kila mwezi."

Wajumbe wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja, na mwenyekiti akagonga kiti. "Dada," alisema, "umekuja hapa na kikapu cha mambo ya watu, na lako umeliacha kabatini. Liandike."

Barua iliyokwenda Ukingoni ilikuwa na mistari tisa. Sifaeli aliipeleka siku ya saba saa sita mchana. Siku ya nane hakuna jibu. Alikaa mbele ya ubao wa Mwalimu Kwezi akiwaza namna ya kumtazama Anande usoni, na muuza viatu, ambaye hatimaye alikuwa amepata njia ya kupenya, akaketi pembeni yake, viatu vya bluu mapajani. Sifaeli alimpa nusu ya andazi lake. Nilishasema hakuwa mkorofi.

Siku ya tisa, kabla jua halijapanda, jibu lilikuja. Lilikuwa fupi kuliko alichoandika.

"Mifupa nimechoma ya kutosha. Sijawahi kupata mtu aliyepima visima arobaini kwa miaka sita bila kukata tamaa. Nakusimamia. Njoo na madaftari yote, usiache hata moja. Kwezi."

Sifaeli alicheka kwa sauti, mdomo wazi, katikati ya mbao. Kisha, ingawa alikuwa na safari ya kuwahi meza ya Mhandisi Kaaya kabla ofisi haijafungwa, alichuchumaa, akaomba kalamu, akatia wayo wake mwisho kabisa, pale ubao unapoingia ardhini: "Niliandika mistari tisa. Alijibu baada ya siku mbili. Alitaka nilichokidharau."

Aliwahi. Ombeni alimpongeza kwa moyo mweupe, na mwaka uliofuata naye akapata nafasi. Ila hadithi haiishii hapo, kwa sababu sheria ya pili ya Ubaoni haina ukomo wa miaka.

Miaka kumi ilipopita, mwanamke aliyeanza kuota mvi alifika mpakani. Bi Dodosa, miwani bado imefungwa kwa uzi, alishika kalamu.

"Swali lako?"

"Leo sina swali, mama. Nimekuja kutia wayo."

Bi Dodosa alisimama. Ni desturi yao kusimama kwa heshima ya mtu wa namna hiyo, jambo ambalo hata waziri akipita hawamfanyii. Akamfungulia mlango mdogo bila muhuri.

Msichana mmoja mgeni alikuwa mbele ya ubao wa Mwalimu Kwezi, amesimama, shingo nyuma, anasoma juu. Sifaeli alimsalimu, akashika kiuno, akachuchumaa taratibu, maana magoti hayakuwa yale ya zamani. Aliutafuta mstari wake. Palikuwa pamebaki nafasi ya kidole kimoja juu ya udongo, naye akaandika kwa herufi ndogo kadiri alivyoweza:

"Visima ishirini na sita vimeshawekewa vichujio. Kumi na vinne bado. Meno ya mdogo wangu hayatabadilika, wala yangu. Mtoto wake wa kwanza ameota meno ya mbele ya kudumu mwaka huu. Ni meupe."

Msichana alikuwa bado amesimama, akimwangalia kwa mshangao. Sifaeli alisogea kidogo kumpa nafasi.

"Karibu chini, mdogo wangu," alisema.